Kidole Kilichowekwa Chato: Historia ya Alama za Vidole na Sitara ya Mwanamke



Wiki hii tunaacha kidogo mambo ya hina, udi na mapambo ya ukumbi, tuzungumze historia. Msikimbie, maana bi harusi yumo humu ndani, tena zaidi ya mara moja.

Siku ya Ijumaa, tarehe 27 Disemba 2019, Rais John Magufuli alikuwa mapumzikoni kwao Chato. Kwa wale tuliozoea bahari na hatujafika huko, Chato ni mji ulio kando ya Ziwa Viktoria. Zamani ulikuwa sehemu ya Biharamulo, mkoa wa Kagera, na ulipoundwa mkoa wa Geita mwaka 2012 ukaingizwa huko. Watu wake wanavua, wanalima, na wengi wana ndugu au mume aliyekwenda machimboni, kwa sababu ukanda wa dhahabu unaanzia huko Shinyanga na Kahama mpaka Geita, jirani yao kabisa. Siku ile Rais alisajili laini yake ya simu kwa alama za vidole, hadharani, kama raia mwengine yeyote. Mwisho wa usajili ulikuwa tarehe 31 Disemba. Akaongeza siku 20, mpaka tarehe 20 Januari 2020, na baada ya hapo ambaye hajasajili akatiwe.

Watu walifurahia zile siku 20, na walikuwa na haki ya kufurahi, kwa jinsi foleni zilivyokuwa. Mimi leo nataka kukizungumzia kidole chenyewe. Kimetoka wapi, kimeshapita mikono ya nani, na kwa nini wanawake wa Kiislamu wa miaka zaidi ya 100 iliyopita walikuwa na neno la kusema juu yake ambalo sisi hatukulisema.

Kwanza tukubaliane kwamba amri ile haikutolewa bure. Usajili wa laini ulianza mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta iliyoufanya kuwa lazima. Lakini usajili ule ulikuwa wa karatasi na jina tu. Mtu akaenda kwa wakala, akajiita anavyotaka, akatoka na laini. Nani kati yetu hajapata ule ujumbe wa mtu asiyemjua anayemwambia ile pesa atume kwenye namba hii? Wamo mama zetu waliotuma kweli, wakidhani ni mtoto wao. Basi tarehe 1 Mei 2019 ukaanza usajili mpya. Lazima uwe na namba ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, yaani NIDA, na kidole utakachoweka kwa wakala kilingane na kile kilichoko NIDA. Na kwa kuwa posta na simu ni jambo la Muungano, agizo likatufikia sote, wa Chato, wa Wete na wa Makunduchi.

Tatizo ni kwamba kufikia wakati huo laini haikuwa ya kupigia simu tu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, wenzake wakafuata, na ndani ya miaka kumi laini ikawa pochi, ikawa kibubu, ikawa daftari la kijumbe wa mchezo. Mama lishe wa machimboni anauza wali kwa mkopo mchana, jioni analipwa kwa simu. Mke ambaye mume wake yuko Geita au yuko Muscat anapata matumizi ya nyumba kwa simu. Kumkatia laini mwanamke wa namna hiyo ni kumfungia pochi yake na kuondoka na ufunguo.

Na nani aliyekuwa mbali zaidi na hiyo NIDA? NIDA iliundwa mwaka 2008, lakini mpaka 2019 watu wengi sana hawakuwa na namba. Ukitaka namba uje na cheti cha kuzaliwa, au cha skuli, au karatasi nyengine inayokutambulisha, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Sasa mwanamke aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga, hakupelekwa skuli, akaolewa kijiji cha mbali na kwao, ana karatasi gani? Mjumbe wa huko alikoolewa anamjua kama mke wa fulani. Halafu akishafika dirishani kuna kidole. Kidole kilichoshika jembe miaka 40, kilichoponda mawe ya dhahabu, kilichofua nguo kwa sabuni za unga, mistari yake husagika mpaka mashine haikisomi. Kidole cha karani hakina taabu hiyo. (Mabibi harusi, na nyinyi mchukue hili. Piko nzito kwenye ncha za vidole huweza kuisumbua mashine. Kama una jambo la pasipoti au kitambulisho, limalize kabla ya siku ya hina.)

Nirudi nyuma sasa, maana kidole hakikuanzia Chato.

Mwaka 1858, katika wilaya ya Hooghly huko Bengal, ofisa Mwingereza aitwaye William Herschel alimtaka mkandarasi wa kienyeji aweke alama ya mkono wake juu ya mkataba. Alitaka kumtia hofu asije akaukana. Wazo likaendelea polepole, na mwaka 1897 ikafunguliwa Kolkata ofisi ya kuhifadhi alama za vidole vya wahalifu. Aliyepata sifa ni mkuu wa polisi, Edward Henry, na mpangilio ukaitwa kwa jina lake duniani kote. Hesabu za kuzipanga alama hizo, ili karani aweze kukitafuta kidole kimoja kati ya maelfu, zilifanywa kwa sehemu kubwa na wasaidizi wake wawili, mmoja Mhindu, Hem Chandra Bose, na mmoja Muislamu, Azizul Haque, mtu wa Khulna, ambayo leo iko Bangladesh. Haque ilibidi angoje miaka mingi kabla serikali haijakiri mchango wake.

Wapo masheikh wanaopenda kuitaja Surat Al-Qiyama, aya ya 4, pale zinapotajwa ncha za vidole, wakasema Qur'ani ilishatoa habari ya jambo hili kabla ya Wazungu. Mimi siendi huko. Aya ile inawajibu waliodhani kwamba mifupa haitakusanywa tena. Inazungumzia uwezo wa Muumba wa kumrudisha mtu mpaka kwenye ncha ya kidole chake, na ninachokichukua mimi ni kwamba kidole ni amana ya mtu binafsi. Kila mtu kapewa chake na hakuna wa kubadilishana naye.

Kutoka India kidole kikasafiri kwa meli hadi Afrika Kusini, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mwaka 1906 serikali ya Transvaal, iliyokuwa chini ya Waingereza, ilitoa rasimu ya sheria kwa ajili ya Waasia. Kila Mhindi, mwanamume, mwanamke, na hata mtoto aliyefika miaka minane, ajiandikishe, atoe alama za vidole vyake, apewe cheti, na akionyeshe kwa askari yeyote, popote, wakati wowote atakapotakiwa. Askari aliruhusiwa pia kuingia majumbani kukagua vyeti hivyo. Wengi wa wafanyabiashara wa Kihindi wa Johannesburg walikuwa Waislamu kutoka Gujarat. Hata Mohandas Gandhi, aliyekuwa wakili wao, alikuja Afrika Kusini mara ya kwanza mwaka 1893 kwa kuajiriwa na Muislamu mwenye duka, Dada Abdulla.

Kilichowachoma wanaume wale kuliko yote ni askari mgeni kubisha mlangoni mchana, wakati mwenye nyumba yuko dukani, na kumtaka mkewe atoke aonyeshe kidole na cheti. Tarehe 11 Septemba 1906 walikusanyika katika ukumbi wa Empire Theatre, Johannesburg. Gandhi mwenyewe aliandika baadaye kwamba aliyelibadilisha azimio la siku ile likawa kiapo ni Haji Habib, mzee Muislamu, aliyesema kwamba jambo hili wasilipitishe kwa kunyoosha mikono tu bali kwa kumshuhudisha Mungu. Upinzani ule ulipata jambo moja mapema: wanawake waliondolewa katika sheria. Wanaume wakabaki ndani yake, na sheria ikapita mwaka 1907. Tarehe 16 Agosti 1908, nje ya Msikiti wa Hamidia, vyeti zaidi ya 2,000 vilitiwa kwenye chungu kikubwa cha miguu mitatu, vikamiminiwa mafuta ya taa, vikachomwa.

Kuwaondoa wanawake kwenye orodha hakukuwamaliza na orodha. Mwezi wa Machi 1913, Jaji Searle wa mahakama ya Cape aliamua kesi ya mwanamke Muislamu aliyekuja kujiunga na mumewe, Hassan Esop, akazuiwa kuingia nchini. Jaji alisema ndoa iliyofungwa kwa dini inayoruhusu wake zaidi ya mmoja haitambuliki kisheria huko. Kwa maneno mepesi, nikahi yake haikuwa ndoa. Kwa usiku mmoja wake wa Kiislamu na wa Kihindu wa nchi nzima wakawa, mbele ya serikali, si wake wa mtu. Hapo ndipo wanawake walipoingia katika mapambano wenyewe, wakaandamana, wakafungwa jela, mpaka mwaka 1914 ikapitishwa sheria ya kuzitambua ndoa zao.

Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu inanionyesha kitu ambacho hotuba za kompyuta na usalama hazikionyeshi. Daftari likishafunguliwa, mwenye daftari ndiye anayeamua wewe ni nani. Leo anauliza kidole, kesho anauliza umeolewa na nani, na jibu lako linahitaji muhuri wake.

Kenya walipita njia hiyo hiyo kwa sura nyengine. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza, iliwalazimisha wanaume wazima wa Kiafrika kubeba kipande chenye alama za vidole na habari za ajira, ndani ya kikopo cha bati kilichotundikwa shingoni. Wanawake hawakuandikwa. Msidhani walisitiriwa kwa heshima. Serikali ilitaka nguvu kazi ya wanaume kwenye mashamba ya walowezi, na mwanamke hakuhesabiwa kuwa mtu wa kutafutwa. Wanawake wa Kenya walianza kupewa vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo wenzetu hawa wamewahi kuumia kwa pande zote mbili, kwa kutoandikwa na kwa kuandikwa.

Na kuandikwa kunavyoumiza, waulizeni watu wa Garissa. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya wakimbizi wa Somalia, baadhi ya familia za Wakenya wa asili ya Kisomali, zilizobanwa na ukame, zilijiandikisha huko ili watoto wapate chakula na dawa. Wakaweka vidole. Miaka ikapita, mtoto akafika 18, akaenda kutafuta kitambulisho cha nchi yake, mashine ikasema huyu ni mkimbizi. Maelfu wamekwama hivyo. Hana kitambulisho, hapati kazi ya maana, hafungui akaunti, hasajili laini. Kidole kilichotolewa kwa ajili ya unga wa uji kimekuja kumnyima uraia.

Sasa tazameni tarehe. Usajili wetu wa laini ulianza Mei 2019. Majira hayo hayo Kenya walikuwa wanaandikishana kwa Huduma Namba, nao kwa vidole. Huko, Wanubi, ambao ni Waislamu, wazao wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, na ambao vijana wao wamekuwa wakihojiwa mara mbili mbili kabla ya kupewa vitambulisho, walikwenda mahakamani. Tarehe 30 Januari 2020, siku kumi tu baada ya ile tarehe ya mwisho iliyotangazwa Chato, Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa hukumu. Ilikataza kukusanya vinasaba na kuchukua vipimo vya mahali mtu anapoishi, na ikataka ziwepo kwanza kanuni kamili za kuzilinda taarifa za watu kabla mpango haujaendelea. Kenya walikuwa wameshapata sheria ya kulinda taarifa tangu Novemba 2019, na bado mahakama ikaona haitoshi.

Sisi hatukuwa hata na sheria. Tulikuwa na Ibara ya 16 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake, ya familia yake, ya nyumba yake na ya mawasiliano yake. Ni ibara nzuri, ila haikuwa na ofisi wala mlango wa kwenda kugonga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, miaka minne kamili tangu usajili ule kuanza. Maana yake mamilioni ya vidole vilikusanywa kwanza, kisha ndiyo ikaja sheria ya kusema namna ya kuvitunza. Na tofauti yetu na wale wa Hamidia ni hii. Cheti chao kilikuwa karatasi, wakakitia chunguni. Neno la siri likiibiwa unalibadilisha, kufuli likivunjwa unanunua jengine. Kidole ukishakitoa huna cha kuchoma wala cha kubadilisha.

Najua dada mmoja atasema, lakini mimi sina cha kuficha, nina hofu gani? Nimelisikia neno hili kwa watu wengi, hata kwa wanaojisitiri vizuri kabisa mwilini. Mimi huwa nawauliza, mbona nyumba yako ina mapazia? Mji Mkongwe na Lamu, nyumba za zamani zilijengwa mtu akifunguliwa mlango asione ndani. Unapita kwanza, unakunja, ndipo unafika kwa wenyewe. Wazee wale hawakuwa wahalifu. Walijua kwamba nyumbani ni mahali ambapo mtu anavua kitambaa kichwani.

Na dini imetangulia. Surat An-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimie wenyewe. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupeleleza, na katazo hilo limewekwa baina ya kudhaniana vibaya na kusengenyana, mambo ambayo sote tunajua yanavyofuatana. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mtu aliyechungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume, rehema na amani zimfikie, naye alikuwa na kichanuo mkononi. Mtume akamkemea kwa ukali, akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya jicho. Mwenye nyumba hakutakiwa athibitishe kwamba ana cha kuficha. Aliyechungulia ndiye aliyekuwa na la kujibu.

Kuna la pili, na hili linatoka kule kule Usukumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika sehemu za Kahama na Shinyanga, wananchi walianzisha Sungusungu kujilinda na wezi wa ng'ombe, baada ya kuona polisi hawawafikii. Wizi ulipungua, watu wakashukuru, na kwa kweli walikuwa na sababu ya kushukuru. Lakini macho yaliyokwenda kutafuta wezi yakaanza kutafuta na wachawi. Na kwa miaka mingi, katika ukanda ule wa Shinyanga, Mwanza na Geita, vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu. Macho yale yaliiva kwa moshi, kwa sababu bibi kapikia kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya kibanda kisicho na dirisha maisha yake yote. Alama ilikuwa ya kweli, macho kweli yalikuwa mekundu. Kilichokosewa ni kuisoma.

Nikisikia mtu akisifu mashine kwamba haikosei, huwakumbuka vikongwe hawa. Mashine inasoma alama tu. Kwamba laini fulani imesajiliwa kwa kidole cha Mwanakombo, hilo mashine inajua. Kwamba Mwanakombo hakuijua kabisa laini hiyo, mashine haijui. Na hivi ndivyo wanawake wengi walivyoumizwa kwa usajili huu, na aliyewaumiza hakuwa mkubwa wa serikali aliyekaa mbele ya vioo vingi kama kwenye filamu. Alikuwa kijana aliyekaa chini ya mwavuli na simu kubwa na kimashine cha kusomea kidole. Weka kidole, mama. Haijasoma, weka tena. Tena kidogo. Kila "tena" moja huweza kuwa laini nyengine iliyosajiliwa kwa jina lako na kuuzwa kwa mtu usiyemjua, ambaye kesho atawatumia watu ule ujumbe wa ile pesa. Mamlaka ya Mawasiliano ilipoliona tatizo hili iliweka namba ya kuhakiki. Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiiona usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ikafutwe. Mfanyie na mama yako na bibi yako, maana wao ndio wanaoambiwa "tena" mara nyingi zaidi, kwa zile sababu za jembe na sabuni.

Wapo pia waliosajiliwa laini kwa kidole cha mume au cha kaka kwa kuwa hawakuwa na namba ya NIDA siku zile. Kama ni wewe, na sasa namba unayo, hamisha. Mali ya mwanamke katika Uislamu ni yake, na pesa zilizo kwenye laini iliyo kwa jina la mtu mwengine, siku mkigombana au akifa, utazithibitishaje? Na jina pia: sheria yetu haimtaki mke aache jina la baba yake akiolewa. Bi harusi anayekwenda kubadilisha jina kwa sababu ya mtindo tu ajue kwamba baada ya hapo kitambulisho, laini, benki na cheti cha ndoa vitaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe, na atakayepanda daladala kwenda kuvipatanisha ni yeye.

Mpaka hapa nimewalaumu wenye madaftari. Lakini sisi wenyewe je?

Mwishoni mwa karne ya 19 walikuwapo Unguja wapiga picha wenye studio, Gomes na ndugu wa Coutinho wakiwa mashuhuri. Walipiga picha za wanawake wa mji, zikachapwa kuwa postikadi, zikauzwa kwa mabaharia na wasafiri. Chini ya picha jina halikuandikwa. Iliandikwa tu kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili, au wa Kiarabu, basi. Mpaka leo postikadi hizo zinanunuliwa na kuuzwa Ulaya. Bibi wa watu amekaa na kanga yake kwenye albamu ya mtu asiyejua hata alikuwa mtoto wa nani. Sina hakika kama aliwahi kuulizwa. Bibi yule angalau alikuwa na udhuru, hakuwa na uwezo. Sisi tunazipeleka picha zetu kwa miguu yetu.

Tukienda kwenye singo, mlangoni tunaandika hakuna simu. Wanaokagua wanakagua kweli, mpaka ndani ya mikoba. Kisha bi harusi mwenyewe, nywele wazi, mabega wazi, anapigwa picha 600 na kamera aliyoilipia. Hapo ndipo swali liulizwe. Mmetafuta mpiga picha wa kike, mashaallah, vizuri sana. Picha anazisafisha nani? Mara nyingi ni kijana wa dukani mwenye kompyuta. Anayetengeneza albamu ni nani, na kiko wapi? Zikitumwa, zinatumwa kwa njia gani, na baada ya kukukabidhi zinabaki kwenye kompyuta ya nani, na kwa miaka mingapi? Simu yako ikiharibika kioo, fundi anataka neno la siri ili "aipime". Kwa nini umpe? Kioo kinapimwa bila kufungua picha zako. Na kile kikundi cha WhatsApp cha kamati ya harusi, chenye watu 80 wakiwamo watoto wa mashoga wa mama, picha ikishaingia humo haina tena mwenyewe.

Hizi programu za kupamba uso nazo, za kukuonyesha utakavyokuwa ukizeeka au ukivaa shela la aina hii, zinataka uso wako kwanza. Uso ni kama kidole, hakuna wa akiba. Kama ni lazima ucheze, chezea picha ya ua.

Kwa hiyo bi harusi mtarajiwa, kabla hujalipa arubuni ya mpiga picha, kaa naye na mwandikiane. Faili zote zitakuwa mikononi mwa wanawake tangu kupigwa mpaka kuchapwa, au kama haiwezekani, picha za ndani ya ukumbi wa wanawake zisisafishwe kabisa. Hatazitumia kwa matangazo ya biashara yake. Atazifuta mbele yako siku ya kukabidhi, kwenye kompyuta, kwenye kadi ya kamera na popote pengine alipozihifadhi. Wekeni na tarehe, na sehemu ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka siku hiyo. Wengine watakuna kichwa na kusema hawajawahi kuulizwa mambo hayo. Mwambie wewe ndiye wa kwanza, kisha mpe kalamu.